Dawa ya kufupisha alizeti ipimwe kwa mafuta, si kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu makala iliyotoka katika safu yenu ya kilimo wiki mbili zilizopita, ambamo mwandishi alizisifu dawa za kufupisha mimea na kuwahimiza wakulima wa alizeti wa Singida, Dodoma na Manyara waanze kuzipulizia msimu ujao ili waongeze mavuno. Sina ugomvi na mwandishi, na mengi aliyoyaeleza kuhusu namna dawa hizo zinavyofanya kazi ni sahihi. Nilifanya kazi ya ugani kwa miaka 27, mingi kati ya hiyo hapa Iramba, na tangu nistaafu nalima alizeti ekari nne, kwa hiyo jambo hili nalitazama kama afisa wa zamani na pia kama mtu anayesimama kwenye foleni ya mashine ya kukamua na magunia yake. Ninachokipinga ni kimoja: kuzinadi dawa hizi kwa mkulima wa mvua chache kama dawa za kuongeza mavuno, wakati hakuna aliyemwonyesha kwenye udongo wake, na kwa kipimo cha mafuta, kwamba zinaongeza chochote.

Kwanza tuelewane dawa hizi ni nini. Mwaka 1926 mtafiti wa Kijapani, Eiichi Kurosawa, aliyekuwa akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiirefusha miche ya mpunga kupita kiasi hadi ikaanguka bila kuzaa, ugonjwa ambao wakulima wa Japani waliuita mche mpumbavu, ulitokana na kitu kinachotolewa na kuvu. Kitu hicho baadaye kikapewa jina la jiberelini, na ikaja kufahamika kwamba mimea yenyewe hukitengeneza kwa kiasi kidogo, na kwamba ndicho kinachoamuru shina lirefuke. Dawa za kufupisha, kuanzia klomekwati iliyotangazwa na Tolbert wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan mwaka 1960, hadi mepikwati, paklobutrazoli na unikonazoli zilizofuata, nyingi hufanya kazi moja: huziba njia ambayo mmea hupitia kutengeneza jiberelini. Pingili zinakuwa fupi, shina linanenepa, na majani yanakuwa madogo zaidi, mazito na ya kijani kibichi kilichokolea.

Katika maelezo hayo hakuna mahali panaposema kwamba mmea umepata chakula zaidi. Dawa haileti maji, haileti naitrojeni, wala haiongezi jua. Inachoweza kufanya ni kuuzuia mmea kutumia kwenye shina kile ambacho ungeweza kukitumia kwenye mbegu, na hata hilo hutokea pale tu ambapo shina lilikuwa kweli linakula zaidi ya haki yake. Shamba ambalo tangu mwanzo mimea yake ni dhaifu, udongo wake umechoka na mvua yake inakatika mapema, halina ziada ya kuhamishwa. Kulipulizia dawa ya kufupisha ni kukata pua kuunga wajihi.

Mwandishi wenu alitoa mfano wa Ulaya, na mfano huo unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ndio unaorudiwa na wauzaji wote. Zao lililozifanya dawa hizi zipate umaarufu katika kilimo cha mbegu za mafuta huko ni rapa, ndugu wa haradali, ambalo wengine wanalifahamu kwa jina la kanola. Rapa ya Ulaya hupandwa mwezi wa Agosti au Septemba, hukaa shambani majira yote ya baridi, kisha huchanua mwanzoni mwa msimu wa joto. Mkulima wa huko hupulizia kabla ya baridi kuingia ili kichwa cha mmea kibaki chini karibu na ardhi kisiunguzwe na barafu, na hupulizia tena baadaye ili mmea ulionyweshwa naitrojeni nyingi usilale mvua na upepo vinapokuja. Rapa ikilala, majani na maganda ya chini hukosa mwanga, mbegu hazijai, na mashine ya kuvunia inapata tabu. Hapo dawa ina kazi. Lakini hata huko, faida huonekana waziwazi pale ambapo shamba lingelala. Ambapo lisingelala, mara nyingi mkulima anakuwa ametumia fedha bila kuona tofauti ya maana kwenye mizani.

Kuna jambo jingine la Ulaya ambalo halikutajwa kabisa. Dawa kadhaa zinazotumika kufupisha rapa, kama metkonazoli na tebukonazoli, ni viuakuvu. Zinapopulizwa hufupisha mmea na wakati huohuo huutibu magonjwa ya majani na shina. Mavuno yanapopanda, ni sehemu gani iliyotokana na ufupi na ni sehemu gani iliyotokana na tiba? Mtu asiyelitenganisha jambo hilo anaweza kuja Singida na hesabu ya ugonjwa ambao sisi hatuna, akaiuza kama hesabu ya urefu.

Sasa tuje nyumbani. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na mara nyingi huwa imekwisha ifikapo Aprili, na wakulima wengi hawaweki mbolea ya chumvichumvi kwenye alizeti hata kidogo; wenye ng'ombe huweka samadi, wasio nao hutegemea kilichobaki baada ya mtama au mahindi. Mbegu inayotawala bado ni Rekodi, ambayo ni kweli hurefuka kuliko chotara nyingi na hupita kimo cha mtu. Naam, alizeti zetu hulala. Nimeziona zikilala kila mwaka. Lakini katika miaka yangu yote ya kuzunguka mashambani, sababu nilizozikuta mara kwa mara zilikuwa mchwa waliokula shina, kuoza kwa shina, na zaidi ya yote msongamano.

Hili la msongamano naomba nilikalie kidogo. Ushauri wa kitaalamu ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, mmea mmoja kila shimo. Mkulima wetu, kwa hofu ya panya na ya jua kali baada ya kupanda, hutia mbegu tatu au nne kila shimo, na ikitokea zote zimeota anaona uchungu kung'oa. Miche minne inayogombania mwanga kwenye shimo moja itarefuka tu, kila mmoja ukimkimbia mwenzake, na mashina yatakuwa membamba kama ufito. Mtu akipita hapo atasema alizeti hizi zimezidi urefu, zinahitaji dawa. Zinahitaji mtu wa kupunguzia miche wiki mbili au tatu baada ya kuota, udongo ukiwa na unyevu. Hiyo ndiyo dawa ya kufupisha ambayo haina bei, na shina lililopata nafasi yake hunenepa bila kulazimishwa.

Misimu michache iliyopita jirani yangu alinunua mnadani chupa isiyo na lebo ya maana, iliyowekwa pamoja na zile zinazoitwa busta, yaani mbolea za kupulizia majani, akaambiwa inafanya alizeti ziwe fupi na zibebe vichwa vikubwa. Kipimo alichopewa kilikuwa vifuniko vya soda kwa kila bomba la lita 16. Alipulizia vitumba vilipoanza kuonekana, na dawa ikamwishia akiwa amefika katikati ya shamba. Kwa hiyo bila kukusudia tukapata shamba la majaribio: nusu imepuliziwa, nusu haikupuliziwa. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuisifu ile nusu iliyopuliziwa. Mimea ilisimama kifuani mwa mtu, mashina manene, majani ya kijani kilichokolea hadi watu walikuwa wakisimamisha baiskeli njiani kutazama. Niliambia watu wawili watatu kwamba msimu ujao nami nitajaribu.

Mvua ilikatika mapema mwaka ule. Wakati wa kupiga alizeti ndipo tulipogundua kwamba vichwa vya upande uliopuliziwa havikuwa vikubwa kuliko vya upande wa pili, na katikati yake palijaa mapepe, yaani mbegu tupu zisizo na kiini. Magunia yalitoka karibu sawa, na yale ya upande uliopuliziwa yalikuwa mepesi mkononi. Siwezi kudai kwamba yote yalikuwa makosa ya dawa, kwa kuwa ile nusu iliyopuliziwa ilipandwa siku chache nyuma ya nyingine na huenda ukame uliikuta katika hatua mbaya zaidi. Ndiyo maana sikuandika barua wakati ule. Naandika sasa kwa sababu naona tunataka kuwafanya wakulima elfu kadhaa warudie jaribio lilelile lisilo na kipimo, kwa fedha zao. (Na niongeze kwa wale wanaofuga: alizeti ya kimo cha kifua iko karibu sana na mdomo wa mbuzi.)

Wanaozitetea dawa hizi wana hoja moja nzito ambayo siwezi kuipita kimya. Dawa za kundi la paklobutrazoli zimeonyeshwa katika majaribio mengi, hasa ya kwenye vyungu, kwamba hupunguza upotevu wa maji kupitia majani na mara nyingine huongeza mizizi, na hivyo mmea huvumilia kiu vizuri zaidi. Hilo ni kweli. Lakini mmea kuvumilia ni jambo moja, na kujaza mbegu ni jingine. Sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti hutengenezwa katika wiki chache baada ya kuchanua, kwa sukari inayotoka kwenye majani ya wakati huo. Ukipunguza eneo la majani katika shamba ambalo majani yake hayajawahi hata kuziba nafasi kati ya mistari, umepunguza mtambo unaotengeneza hicho unachokitafuta. Kwenye shamba la umwagiliaji lenye mbolea ya kutosha na majani yaliyofunikana, kupunguza majani ya juu kunaweza hata kusaidia mwanga ufike chini. Mashamba ya namna hiyo hapa kwetu ni machache.

Tukizungumzia ubora, mambo yanakuwa magumu zaidi, na hapa ndipo makala ile ilipokuwa nyepesi mno. Mwandishi alipima mafanikio kwa gunia. Gunia la alizeti halina thamani yake peke yake. Thamani iko kwenye ndoo inayotoka upande wa pili wa mashine. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Shamba linalotoa kilo 400 za mbegu zenye asilimia 38 ya mafuta lina mafuta kilo 152. Likipuliziwa likatoa kilo 420, mwenye kutazama magunia atashangilia. Lakini ikiwa mbegu hizo zimeshuka hadi asilimia 35, mafuta yaliyomo ni kilo 147. Mkulima ameongeza gharama ya dawa na ya kibarua wa kupulizia, amebeba magunia mazito zaidi hadi kwenye mashine, na amerudi na mafuta pungufu. Waswahili wa mjini husema biashara asubuhi, jioni mahesabu, na jioni ya mkulima wa alizeti ni pale kwenye mashine.

Sisemi kwamba dawa hizi hushusha kiwango cha mafuta kila zinapotumika. Majibu ya majaribio duniani yanatofautiana kulingana na dawa, kipimo, aina ya mbegu na siku ya kupulizia, na mara nyingi badiliko la kiwango cha mafuta ni dogo kuliko badiliko linaloletwa na mambo mengine. Mbegu yenyewe ndiyo inayoamua zaidi: chotara nzuri huweza kuwa na mafuta ya asilimia 40 na kuendelea, wakati mbegu iliyochakaa kwa kurudiwa shambani mwaka hadi mwaka huzidi ganda na kupungua kiini. Naitrojeni nyingi hupandisha protini na kushusha mafuta. Hata aina ya mafuta huamuliwa kwa sehemu na hali ya hewa, kwani alizeti za kawaida zinazojaza mbegu wakati wa joto huwa na asidi ya oleiki nyingi zaidi, na zinazojaza wakati wa baridi huwa na linoleiki, aina nyingine ya asidi ya mafuta, nyingi zaidi. Katikati ya nguvu zote hizo, chupa ya mnadani ni mchezaji mdogo anayedai ujira mkubwa.

Kwa upande wa usalama, yatosha kukumbuka kisa cha daminozidi, dawa ya kufupisha na kudhibiti ukuaji iliyotumika Marekani kwenye matufaha na hata kwenye karanga, na ambayo mtengenezaji wake aliiondoa kwenye mazao ya chakula mwaka 1989 baada ya wasiwasi wa saratani uliotokana na kitu inachozaa inapovunjika. Paklobutrazoli nayo ina tabia ya kukaa udongoni muda mrefu, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na kudumaza zao linalofuata. Mkulima anayebadilisha alizeti na dengu au mtama katika shamba hilohilo anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajatoa fedha. Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wanaolima ufuta wana sababu ya ziada ya kuwa macho, kwa sababu ufuta wao unasafiri. Japani na Umoja wa Ulaya, pale ambapo dawa haikuwekewa kiwango maalumu kwa zao fulani, hutumia kikomo cha jumla cha mabaki ya dawa cha miligramu 0.01 kwa kilo, na shehena iliyozidi hapo inaweza kuzuiwa bandarini bila kujali kwamba aliyepulizia alikuwa mkulima mmoja aliyeshawishiwa na muuza busta.

Nisieleweke vibaya kwamba dawa hizi hazina mahali pake Afrika Mashariki. Pamba, ambayo mbegu yake nayo hukamuliwa mafuta, ni zao linalojulikana kwa kukimbilia majani linapopata maji na mbolea nyingi, na mepikwati imetumika kuidhibiti Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mkulima wa pamba ya umwagiliaji angeweza kunufaika. Karanga zinazotambaa za Marekani hupuliziwa ili mistari ionekane wakati wa kung'oa kwa trekta. Karanga zetu nyingi, ikiwamo Pendo, ni za kusimama na huvunwa kwa mkono, kwa hiyo faida hiyo haipo, lakini mtu mwenye shamba lenye rutuba nyingi karibu na mto anaweza kuwa na hadithi tofauti. Kila jambo na mahali pake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kanuni za kimataifa za FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo na ya afya, zinavihesabu vidhibiti vya ukuaji wa mimea ndani ya kundi la viuatilifu, na kwa hiyo haifai viendelee kujificha minadani kwenye meza ya busta kana kwamba ni mbolea ya majani. Kabla ya Novemba, ofisi za kilimo za kata zibandike orodha ya vidhibiti vilivyosajiliwa, zao ambalo kila kimoja kimesajiliwa kwa ajili yake, kipimo chake kwa mililita na si kwa vifuniko vya soda, na siku zinazotakiwa kupita kabla ya kuvuna, yote kwa Kiswahili.

La pili ni kwa watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kituo cha Ilonga, wanaoratibu utafiti wa alizeti, na wenzao wa Naliendele wanaoshughulikia ufuta na karanga. Jaribio la msimu mmoja halitoshi katika mkoa ambao mvua haina ahadi. Iwe angalau misimu mitatu, kwa Rekodi na kwa chotara, shamba lenye mbolea na lisilo na mbolea, lililopunguziwa miche na lililoachwa kama mkulima alivyozoea. Katika kila kipande ipimwe idadi ya mimea iliyolala, uzito wa mbegu, asilimia ya mapepe, asilimia ya mafuta, na mabaki ya dawa kwenye mbegu na kwenye mashudu, maana mashudu nayo huliwa na kuku na ng'ombe wetu. Hapo ndipo mwandishi wenu atakapokuwa na kitu cha kutuandikia.

Nami niko tayari kutoa nusu ekari iliyo kando ya barabara, bila malipo, kwa mtafiti yeyote au hata kwa wakala wa dawa anayeamini anachokiuza. Sharti langu ni kwamba mistari iliyopuliziwa na isiyopuliziwa ipandwe siku moja, ivunwe siku moja, na ikamuliwe siku moja kwenye mashine moja, wanakijiji wakiwa wamesimama hapo wanatazama mizani na ndoo.

Mstaafu wa ugani na mkulima wa alizeti,
Kiomboi, Iramba, Singida.